Namna ya Kuamua Kusomea Ualimu Baada ya Kidato cha Sita

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana wengi wa Tanzania huwa na wiki chache tu za kuamua watakachosomea, na wapo wanaouandika ualimu mwishoni kabisa mwa orodha, kama akiba ya mtu aliyekosa alichokitaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na ombi langu kwa anayeifikiria kazi hii ni kwamba aipime kwanza akiwa ndani ya darasa, kabla hajajaza fomu yoyote.

Nenda katika shule iliyo karibu na kwenu, ikiwezekana ile uliyosoma, umweleze mkuu wa shule nia yako kwa adabu na uombe kukaa nyuma ya darasa kwa siku tatu au nne. Usimtazame mwalimu peke yake. Chagua mwanafunzi mmoja asiyenyosha kidole, umfuatilie kipindi kizima: anaandika nini, anatazama wapi, anakwama mahali gani wenzake wanapoitikia kwa pamoja kwamba wameelewa. Ukijikuta unatamani kumsogelea na kumwelewesha kwa njia nyingine, hiyo ni dalili yenye uzito kuliko alama zako za mtihani. Jioni, omba kukaa na mwalimu anaposahihisha madaftari. Darasa la wanafunzi 80, kila daftari likichukua dakika 2, humla mwalimu saa 2 na dakika 40 kwa zoezi moja la mkondo mmoja, na ni vyema uuone mzigo huo kwa macho yako.

Mimi sikufanya hivyo, nikajifunza kwa kuchelewa. Katika mazoezi yangu ya kwanza ya kufundisha niliandaa andalio la somo la kurasa mbili kwa kipindi cha dakika 40, nikalimaliza kwa dakika 15 kwa sababu muda wote nilikuwa nikizungumza na ubao. Nilipogeuka, msichana wa dawati la mbele alikuwa amenakili tarehe na kichwa cha somo tu, kalamu yake imetulia kwenye mstari wa pili. Dakika zilizobaki nilizitumia kumuuliza yeye na wenzake walichokielewa, na hapo ndipo nilipoanza kufundisha.

Ukiridhika kwamba unaitaka kazi hii, amua ngazi kabla ya kuchagua chuo. Katika shule za msingi za serikali, masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na anayewapokea watoto wa darasa la kwanza huwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni kazi ya ustadi mkubwa ambayo watu huidharau bila haki. Sekondari, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo jipime kama unaweza kuieleza mada moja kwa lugha hiyo bila kuikariri. Anayevutwa na wanafunzi wenye mahitaji maalumu aulizie Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha.

Kisha yapo masomo ya kufundishia, ambayo kwa mwalimu wa sekondari kwa kawaida huwa mawili, na hapa ndipo ninapoona vijana wakikosea zaidi. Walimu wa sayansi na hisabati ndio wenye uhaba mkubwa, lakini usiichague fizikia kwa kufuata ajira ilhali wewe mwenyewe hukuielewa, kwa kuwa utaifundisha kwa miongo kadhaa na watoto watalipia. Chagua somo ambalo umewahi kumwelewesha mwenzako likamwingia. Tangu 2025 waombaji wa ajira za ualimu serikalini hufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, na huko udhaifu wa somo haufichiki.

Kwa shahada, sharti la jumla la Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni ufaulu katika masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Vyuo huweza kuongeza masharti yao, hasa kuhusu masomo utakayofundisha, hivyo soma kitabu cha mwongozo cha mwaka wako kabla ya kulipa ada ya maombi. DUCE cha Dar es Salaam na Mkwawa cha Iringa, vyote vilivyoanzishwa 2005, ni vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa stashahada, vipo vyuo kama Butimba, Korogwe na Kleruu.

Ikiwa utahitaji mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, peleka cheti chako cha kuzaliwa kikahakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, mapema, hata kabla matokeo hayajatoka. Likague jina lako herufi kwa herufi dhidi ya cheti cha kidato cha nne, kwa maana tofauti ndogo ya tahajia huweza kukuchelewesha hadi dirisha la maombi likafungwa.