Kabla Mwanao Hajalipia Mtihani wa AP

Mitihani ya AP (Advanced Placement), ya kozi za kiwango cha chuo zinazofundishwa sekondari, hufanyika Mei, lakini shule za sekondari Marekani huandikisha watahiniwa kuanzia mwanzo wa mwaka wa masomo, na kwa kozi nyingi mlango hufungwa katikati ya Novemba. Sisi wazazi wa kuja mara nyingi tunazipata habari hizi Machi au Aprili, kwa mtoto wa jirani. Mpwa wangu alikosa mwaka mzima hivyo hivyo, na hakuwa mzembe. Nyumbani hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kuuliza. Kwa hiyo Septemba, kabla ya baridi, nenda kwa kaunsela wa shule ukaulize.

Faida yake ni hii: mtihani wa AP hutungwa na shirika liitwalo College Board. Alama ni 1 hadi 5. Chuo kikiikubali alama ya mwanao, kinampa krediti, yaani pointi zinazohesabiwa kuelekea shahada, bila kuisoma tena kozi hiyo. Shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji krediti zipatazo 120, na kozi moja huwa na 3 au 4, kwa hiyo kila mtihani uliokubaliwa ni karo ambayo hutailipa.

Hapo kwenye kukubaliwa ndipo pa kutulia. College Board hutoa alama tu. Krediti hutolewa na chuo, na kila chuo kina masharti yake. Katika majimbo ya Ohio na Illinois, vyuo vikuu vya umma vinatakiwa kutoa krediti kuanzia alama ya 3. Vyuo vingine hutaka 4 au 5, na vipo visivyotoa kabisa. Fungueni pamoja tovuti za vyuo anavyovitamani, mtafute jedwali la alama za AP. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: krediti hizo zitaondoa kozi gani? Zinaweza kuandikwa kama za ziada tu, zisipunguze hata kozi moja ya fani yake. Anayelenga udaktari awe mwangalifu zaidi, maana shule nyingi za udaktari hupenda kuona biolojia na kemia zimesomwa chuoni.

Sasa nizungumze na familia zilizotoka Uvira, Bukavu au Bujumbura, na zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako watoto wa Kikongo walisoma kwa mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Mtoto huyo anafika Ohio anahangaika na Kiingereza, naye anajiona mjinga darasani, kumbe amebeba lugha ambayo wenzake wanaililia. Kuna AP ya Kifaransa, na mtu anaweza kuufanya mtihani hata kama hakuisoma kozi yenyewe. Kuna pia CLEP, mitihani mingine ya College Board ya kupatia krediti za chuo, isiyosubiri Mei. Alama zake ni 20 hadi 80, na vyuo vingi huanzia 50. Shirika la Modern States hutoa masomo ya kujiandalia CLEP bure, na anayemaliza anaweza kupewa vocha ya ada ya mtihani. Akishindwa, atasubiri miezi 3 kabla ya kurudia. Kiswahili hakimo katika AP wala CLEP, ila Chuo Kikuu cha New York kina mtihani wa kupima umilisi wa lugha, na humo Kiswahili kimo. Ulizeni kwanza kama chuo mnachokitaka kinautambua.

Ada ya AP ni kama dola 100 kwa mtihani mmoja. Wenye kipato kidogo hupata punguzo, lakini shule ndiyo inayoliombea, kwa hiyo lisemeni mapema bila haya.

Angalieni majina. Wengi wetu tulifika na karatasi ambazo jina la ukoo limetangulia, au herufi moja imebadilika kutoka hati hadi hati. Kwenye CLEP jina la usajili lisipofanana na la kitambulisho, mtoto anaweza kurudishwa mlangoni. Mitihani mingi ya AP sasa hufanyiwa kwenye kompyuta, kwa programu ya Bluebook. Aizoee wiki kadhaa kabla.

Wakati wa kusajili, au hadi Juni, kila mtahiniwa wa AP huruhusiwa kutuma alama zake kwa chuo kimoja bila malipo. Msiiache nafasi hiyo.

Akipata 3 ya hesabu, msikimbilie kuruka kozi. Krediti anaweza kuwa nayo, lakini kozi inayofuata itamdai msingi ambao huenda hana. Azungumze na mshauri wa chuo kabla ya kuchagua masomo, na matokeo yakitoka Julai ahakikishe kwa macho yake kwamba krediti zimeingia kwenye rekodi yake.