Kabla ya kupanda Kapsokwony

Kutoka Kimilili hadi Kapsokwony, huku Bungoma, magharibi mwa Kenya, si mbali, ila kilomita zisikudanganye: hesabu mwinuko. Mji huu umejishika kwenye ubavu wa Mlima Elgon, ambao sisi Wabukusu wa huku chini tunauita Masaba. Ni volkano iliyozimika zamani sana, na kilele chake, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni viatu. Udongo wa mteremko ule ni mwekundu, na ukilowa hugeuka sabuni. Mimi nilienda mara ya kwanza na raba nyeupe, mwezi wa Mei, nikiamini jua la asubuhi. Saa nane ukungu ukashuka, mvua ikafuata, na pikipiki ikaanza kutembea kimshazari. Kijana wa boda akasimama, akaziangalia raba zangu, akasema kwa heshima zote: "Mkubwa, shuka tu, tukutane pale juu." Nilifika na matope magotini. Vaa gambuti, beba sweta nzito na koti la mvua, hata kama Kimilili unatoka ukitokwa jasho. Mvua huanza mwezi wa tatu na haina haraka ya kuondoka. Desemba hadi Februari ndiyo afadhali.

Pesa taslimu, kitambulisho, simu iliyojaa chaji. Ukielekea Cheptais na Lwakhakha, upande wa mpakani, usishangae simu ikikukaribisha Uganda. Zima data mapema, salio lisije likaliwa.

La pili ni historia, na hili watu hulipuuza. Wenyeji ni Wasabaoti, na tangu zamani wao wenyewe hutofautisha watu wa Mosop, yaani juu, na wa Soy, yaani chini. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa makazi wa Chebyuk ili kuwapa ardhi watu waliotolewa Chepkitale, kule juu ya msitu. Ugawaji ukarudiwa awamu baada ya awamu, huyu akipewa na yule akinyang'anywa, mpaka mgogoro ukazaa vita vya 2006 hadi 2008. Wanamgambo waliua na kutesa raia. Jeshi lilipoingia Machi 2008, nalo likalaumiwa kwa mateso na watu kupotea. Wajane wa miaka ile bado wanauza viazi na vitunguu sokoni. Basi usimwulize mtu shamba lake alilipataje, wala ni wa ukoo gani, eti unapiga gumzo. Salimia, nunua, kaa kwenye chai. Akitaka kusimulia, atasimulia.

Kama unafuata pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kukwangua chumvi ukutani kwa pembe, hapa umekosea njia. Hilo liko upande wa Trans Nzoia: unapitia Kitale, Endebess, kisha lango la Chorlim. Na popo wa mle si wa kuchezewa, maana wagonjwa wawili wa virusi hatari vya Marburg, wa 1980 na 1987, walikuwa wamelitembelea pango hilo.

Siku ya kurudi, uwe umeshapanda gari kabla ya saa saba. Ukikuta gunia la vitunguu limekalia kiti chako, usigombane. Vitunguu pia vimelipiwa.