Umehitimu na bado una msimu wa kucheza: namna ya kuhama chuo Marekani bila kukwama

Mwanamichezo mwenye shahada mkononi ametimiza ahadi yake. Kumwekea vikwazo aendako ni kumdai deni alilokwisha kulipa, lakini vyuo vilifanya hivyo miaka mingi. Mwaka 2017 Cameron Johnson, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyehitimu Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa miaka 3, aliambiwa na chuo chake kwamba akienda Chuo Kikuu cha North Carolina atakaa nje msimu mzima. Lawama zilipozidi, wakamwachia.

Tangu Oktoba 2018, katika Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), mchezaji anayetaka kuhama haombi ruhusa. Anatoa taarifa tu. Siku hizi kinachokwamisha ni kalenda na makaratasi.

Piga hesabu kwanza. Kanuni iliyozoeleka ni kucheza misimu 4 ndani ya miaka 5, na miaka hiyo huendelea kuhesabika hata ukiwa benchi. Kisha hakikisha kwa msajili kwamba shahada itatolewa rasmi kabla ya muhula mpya. Somo moja likibaki, hujahitimu, na utapimwa kwa masharti ya wasio na shahada. Lipa pia madeni madogo madogo, maana chuo kinaweza kuzuia hati ya matokeo.

Taarifa itoe kwa maandishi kwa ofisi ya kanuni za michezo. Wana siku 2 za kazi kuingiza jina lako kwenye mfumo wa uhamisho. Kila mchezo una dirisha lake, yaani kipindi maalumu cha kufanya hivyo. Dirisha ni la kuingiza jina, si la kuchagua chuo, kwa hiyo usikubali kuharakishwa. Ila ukishatoa taarifa, chuo kinaweza kukata ufadhili wako muhula ukiisha. Usiandike kwa hasira za baada ya mechi.

Wengi hunaswa kwenye udahili. Kocha anaweza kukuahidi jezi, lakini uzamili utakaosoma huko una mlango wake, na maombi ya programu nyingi hufungwa kabla msimu wa kikapu haujaisha. Omba programu mbili tatu mapema. Ukiwa na viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, mwombe ofisa wa wanafunzi hao ahamishie chuo kipya rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia.

Mwisho, ufadhili uandikwe kwa mihula. Uzamili ukiwa wa miaka 2 na wewe umebakiza msimu 1, uliza kabla ya kusaini nani atalipa mwaka wa pili.