Jinsi ya Kuipima Timu Yako Mwanzoni mwa Msimu

Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, na kila moja hucheza mechi 34. Kwa hiyo shabiki anayetoka uwanja wa Bukhungu, Kakamega, akidai kocha afukuzwe baada ya mechi tano, anahukumu kabla hata robo ya msimu haijaisha.

Anza kwa kuandika daftarini timu yako imecheza na nani, na wapi. Pointi saba zilizopatikana ugenini dhidi ya vigogo zina uzito kuliko tisa za nyumbani dhidi ya timu zilizopanda daraja juzi.

Kisha hesabu nafasi za kufunga, si mabao peke yake. Mimi huchora mstari kila shuti linapopigwa kutoka ndani ya boksi. Alasiri moja ya mvua mpira wetu ulinasa kwenye tope, hatua mbili kutoka mstari wa goli, beki akauondoa kwa kisigino. Tulitoka sare tasa, ila daftari lilikuwa na mistari kumi na mmoja upande wetu na mitatu tu upande wao. Waliokuwa wakizomea walikuwa wameona ubao wa matokeo, hawakuuona mchezo.

Unaposoma msimamo wa ligi, angalia viporo kwanza, yaani mechi ambazo timu bado haijazicheza wakati wenzake wameshacheza. Wachezaji wapya wape muda, isipokuwa kipa: kipa anayetema krosi mwezi wa kwanza wa msimu hunitia wasiwasi mapema. Rudia hesabu yote baada ya mechi ya kumi.