Somo: Fonti ya brashi, kutoka kopo la rangi hadi kompyuta

Ukipita mitaa ya Kenya au Katuba hapa Lubumbashi, kuta za saluni na maduka zimeandikwa kwa brashi. Mkono huo unaweza kuingia kwenye kompyuta bila kupoteza ukali wake. Roger Excoffon wa Ufaransa alithibitisha hilo: katika Choc, fonti yake ya 1955, bado unaona brashi ilipokanyaga na ilipoinuka.

1. Kuandika. Chukua brashi bapa iliyochakaa kidogo, rangi nyeusi na karatasi nene. Chovya, kisha pangusa kwenye ukingo wa kopo. Brashi ikilowa mno, kingo zinatoka laini. Ikianza kukauka, mwisho wa mstari unachanika na kuacha nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo ndizo tunazozitafuta.

Usiandike alfabeti moja moja. Herufi zitatoka zimekakamaa. Andika maneno mazima: *karibu, kinyozi, maandazi*. Tazama hilo la mwisho: lina “a” tatu, na mbili zimebanana. Zikifanana hadi ufa wa mwisho, jicho linajua papo hapo kwamba ni mashine. Kwa Kiswahili basi, toa “a” tatu tofauti, na angalau mbili za “i” na “u”. Mabango yetu yana Kifaransa pia, kwa hiyo é, è na ç ziandikwe kwa brashi ile ile.

2. Kuskani. Dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Fungua Inkscape, programu ya kuchora, tumia Trace Bitmap inayogeuza picha kuwa mistari ya kuchora, futa vumbi. Usilainishe kingo!

3. Kuunganisha. FontForge, programu ya kutengeneza fonti, ni ya bure. Panga herufi, rekebisha nafasi kati yake (“Ta” na “AV” husumbua), kisha andika kanuni ya *calt*, inayobadilisha herufi kulingana na jirani zake, ili zile “a” zipokezane zenyewe.

4. Kutumia. Jina la mgahawa, bango la tamasha, jalada la kitabu: maneno mawili matatu, makubwa. Bei na namba za simu zipewe fonti tulivu. Aya nzima kwa brashi inachosha macho.

Maswali ya wanachama

*Yaya, sina skana. Simu inatosha?*
Inatosha, mdogo wangu. Piga mchana, kivulini, kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na karatasi. Ukiinamisha, herufi za pembeni zitapinda.

*Mashine yangu ya kukata vinili inachana stika nikitumia fonti hizi.*
Inahangaika na vipande vidogo vya kingo. Tengeneza toleo la pili kwa ajili ya vinili: ondoa vitone vyote, bakiza michaniko mikubwa tu. Lile kali libaki la kuchapa.

*Naweza kupiga picha maandishi ya ukutani ya fundi fulani nikayafanya fonti?*
Mtafute kwanza. Ule mkono ni kazi yake ya miaka. Mkubaliane malipo, na bora zaidi akuandikie herufi upya kwenye karatasi, maana ukutani hutazipata zote. Jina lake liweke ndani ya faili, kwenye sehemu ya mbunifu.