Paka amekuuma? Fanya hivi kabla mkono haujavimba

Hapa Bukavu, ukiweka gunia la unga wa mihogo bila paka, umewaalika panya. Kwa hiyo simwambii mtu amfukuze paka wake. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Kadutu, na walioumwa na paka hutufikia wamechelewa, kidole kimevimba na hakikunjiki, kwa sababu nyumbani waliambiwa kidonda ni kidogo.

Udogo huo ndio hatari. Jino la paka ni jembamba kama sindano: linachoma hadi karibu na kiungo au kano, kisha ngozi inafunga tundu. Bakteria aitwaye Pasteurella multocida, anayeishi mdomoni mwa paka wengi walio wazima kabisa, anabaki ndani ambako sabuni haimfikii tena.

Hatua ya 1: Osha kwa dakika 15, papo hapo

Vua pete kwanza. Kidole kikivimba haitatoka. Bomba likiwa kavu, tumia bidoni. Mtu mmoja amimine maji kwa kikombe, taratibu bila kukatiza, wewe usugue kwa sabuni, hata ile ya kufulia. Usitumbukize mkono kwenye beseni, maana utaogea uchafu uleule. Maji yapite na kuanguka chini. Tazama saa ya simu. Wengi huacha dakika ya pili wakidhani wameshamaliza. Baada ya hapo, kama ipo, paka betadini.

Usiweke chumvi, dawa ya meno wala petroli. Nasisitiza pia unga wa kapsuli, kwa kuwa naukuta kila mara: unaganda juu kama gamba, na usaha unakusanyika chini yake. Funika kwa kitambaa safi bila kubana. Usikubali tundu la mkononi lishonwe haraka haraka.

Hatua ya 2: Nenda kituoni siku hiyohiyo

Hasa kama umeumwa mkononi, usoni au karibu na kiungo, au kama una kisukari au kinga ya mwili iliyopungua. Usingoje uvimbe. Uliza mambo mawili: chanjo ya pepopunda, na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa cha mbwa kinaletwa na virusi, si bakteria, lakini jino ni lilelile, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Paka asiuawe. Akijulikana, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Wewe usizingoje hizo siku ndipo uanze chanjo. Anza, na akibaki mzima daktari ataamua kama chanjo isimamishwe.

Hatua ya 3: Dawa iwe ile inayofaa

Hapa ndipo pesa ya watu inapopotea. Mtu anasimama kwenye farmasia ya barabarani: "Mama, nipatie kloksasilini za franka elfu moja." Kloksasilini, erithromisini na sefaleksini hazimwezi vizuri Pasteurella. Dawa inayochaguliwa kwanza ni amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, kwa dozi aliyoandika daktari, na unaimaliza. Amoksilini ni ya jamii ya penisilini, kwa hiyo kama penisilini inakudhuru, sema kabla hujaandikiwa.

Hatua ya 4: Chora mpaka wa uvimbe kwa biki

Pasteurella ana haraka: uvimbe na maumivu huweza kuanza ndani ya saa 24, mara nyingi saa 12 tu. Chora ukingo wa uvimbe, andika saa kando yake. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, basi usiutegemee. Gusa kwa mgongo wa mkono wa pili, ulinganishe joto na upande mzima. Uvimbe ukivuka mstari, ukitetemeka kwa homa, au kidole kikibaki kimepinda na kukinyoosha kunakutoa machozi, nenda hospitali usiku huohuo. Usaha ulioingia kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka, unaharibu kidole kabisa, na mara nyingi dawa za kumeza hazitoshi, inabidi daktari apasue.

Hatua ya 5: Mkwaruzo wa paka mdogo

Huu una bakteria wake, Bartonella henselae. Anasambazwa na viroboto: kinyesi chao kinabaki kwenye kucha za paka, naye akikukwaruza anakipandikiza. Kwanza kinatoka kipele. Wiki 1 hadi 3 baadaye tezi ya kwapani au shingoni inavimba na kuuma. Kwa kawaida inapona yenyewe. Lakini kwa mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa, bakteria huyo anaweza kuenea mwilini na kutoa vinundu vyekundu kwenye ngozi. Tezi ya shingoni hutufanya sisi wauguzi tuwaze kifua kikuu kwanza, na ni sawa kupimwa. Ila mama, ukimleta mtoto, tuambie kama anacheza na paka mdogo, hata kama mkwaruzo umeshapona. Bila hilo tutapoteza wiki nzima.

Hatua ya 6: Pambana na viroboto

Fua kwa maji ya moto kitambaa anacholalia paka, ukianike juani. Paka asirambe kidonda cha mtu. Na dawa ya viroboto vya mbwa yenye permethrini usimpake paka kamwe, wala ile ya kunyunyizia shambani: inamuua. Muulize daktari wa mifugo dawa ya paka, na umtajie uzito wake.