Mjini au Mbalizi? Pima shule na kodi kabla ya kuhamisha familia Mbeya

Wengi wanaohamia Mbeya kikazi huanza na dalali. Wanaoneshwa nyumba, wanalipa kodi ya pango ya miezi sita, halafu Januari ikikaribia ndipo wanatafuta shule. Anza upande wa pili: chagua shule mbili au tatu kwanza, nyumba itafuata.

Jua kwanza kila eneo liko chini ya halmashauri ipi. Forest, Soweto na Ilomba ziko Jiji la Mbeya, na pembezoni kama Uyole, Isyesye na Iwambi pia ni za Jiji. Ukivuka Iwambi ukaingia Mbalizi, uko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Ni mwendo mfupi, lakini ofisi ya elimu ni nyingine na ofisi ya ardhi ni nyingine. La kuzingatia zaidi, anayemalizia darasa la saba shule ya serikali kwa kawaida hupangiwa sekondari ya kutwa ndani ya halmashauri hiyohiyo. Kwa hiyo ukichagua shule ya msingi, karibu umeshachagua na sekondari ya kata.

Matokeo yapo kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, bure. Fungua matokeo ya darasa la saba, chagua mkoa, halmashauri, kisha shule. Alama za juu kabisa ni 300. Wastani wa 241 na kuendelea ni A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Chukua miaka mitatu mfululizo, usiridhike na mmoja, na kila mara andika idadi ya watahiniwa pembeni. Shule yenye watahiniwa 15 na wastani wa 210 haijaizidi moja kwa moja ile yenye watahiniwa 160 na wastani wa 175. Hiyo ya pili imebeba mzigo mzito zaidi na huenda ina walimu imara zaidi. Kwa sekondari ya jirani fungua kidato cha nne, hesabu daraja la kwanza hadi la tatu, gawanya kwa watahiniwa wote. Asilimia hiyo inakuambia mengi kuliko sifa za mtaani.

Kisha nenda shuleni siku ya masomo, asubuhi. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Omba kuona darasa la tatu likiwa na watoto ndani, kisha zunguka nyuma uhesabu matundu. Shule za serikali hazitozi ada tangu Januari 2016, ila michango ya chakula na mlinzi ipo. Uliza kiasi, na uliza kama kilipitishwa kwenye kikao cha wazazi.

Tukija kwenye kodi za serikali, watu huogopa pasipostahili. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na inakatwa kwenye LUKU, yaani unaponunua umeme wa kulipia kabla. Forest au Uyole, ni ileile. Kisheria ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni mpangaji, basi iandikwe kwenye mkataba kwamba utaikata kwenye kodi ya pango. Usiponunua umeme miezi kadhaa, deni linarundikana na kukatwa kwa mkupuo.

Sasa linganisha na nauli. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Kila shilingi 100 ya nauli, kwenda na kurudi, ni 38,800 kwa mtoto mmoja kwa mwaka: zaidi ya mara mbili ya kodi ya jengo. Halafu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, ndiyo maana makondakta huwakwepa asubuhi abiria wakijaa. Simama kituoni Uyole au Mbalizi saa 12:30 uone watoto wangapi wanaachwa. Angalia pia kama mtoto atavuka barabara kuu ya Tunduma yenye malori. Mimi nyumba ya namna hiyo singeichukua kwa mtoto wa darasa la kwanza hata ikiwa nafuu.

Kwa anayenunua, pango la ardhi, yaani tozo ya kila mwaka ya kiwanja inayolipwa serikalini, ndilo linalotofautiana, kwa sababu hufuata ukubwa wa kiwanja, matumizi na eneo. Mwambie muuzaji akuoneshe hati na risiti za pango. Deni hufuata kiwanja, na uhamisho wa hati hukwama hadi lilipwe. Nje ya Jiji, ardhi ikiwa bado ya kijiji, saini ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake haitoshi. Inatakiwa idhini ya halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha.

Hamisha mtoto Desemba, au likizo ya Juni. Chukua namba yake ya PReM, yaani ya mfumo wa usajili wa wanafunzi, na barua ya uhamisho, na hakikisha shule ya zamani imemhamisha kwenye mfumo, maana isipofanya hivyo shule mpya haiwezi kumpokea. Akiwa darasa la nne au la saba, msubiri amalize mtihani, kwa kuwa jina lake limesajiliwa NECTA kwenye shule anayotoka.